Maziwa ya Mwezi wa Pili

Chuchu ya nne ilikuwa ngumu. Tabitha alichuchumaa ubavuni mwa ng'ombe, kichupa mkono wa kushoto, akaikamua taratibu kwa mkono wa kulia mpaka maziwa yakafika kwenye mstari.

"Mikono hiyo, mwanangu," alisema Koko Naeku kutoka mlangoni mwa banda, "ng'ombe atadhani umekuja kumposa."

"Nikivuta kwa nguvu utanichapa fimbo, koko."

"Nitakuchapa. Udaktari hauzuii fimbo."

Tabitha alicheka, akafunga kichupa, akaandika tarehe ubavuni mwake. Hii ilikuwa safari yake ya tatu Ndurisi, kitongoji kilichoko juu ya Tengeru, mahali migomba na kahawa vinapopanda mlima mpaka kukutana na msitu. Alikuja mwezi wa pili, akaja mwezi wa tano, na sasa ulikuwa mwezi wa tisa. Kila safari alizunguka nyumba arobaini na tatu, akichukua maziwa, samadi na maji ya kuoshea vyombo. Na kila safari alianzia kwa Naeku. Hakuna aliyempangia hivyo. Yeye ni Mmeru wa upande wa Akeri, na mama yake alimfundisha kwamba mtu haingii kitongojini kwa watu akalipita lango la aliye mkubwa kuliko wote bila kumwamkia. Naeku alikuwa na miaka themanini na kitu. Alizaliwa Mwarusha, magharibi ya mlima, akaolewa huku akiwa msichana. Na ingawa miaka sitini na zaidi ilikuwa imepita, kitongoji kizima bado kilimwita koko, yaani bibi kwa lugha ya kwao.

Wanawake wawili walipita nje ya ua na ndoo zao. Walilitazama gari la utafiti lililoegeshwa langoni, wakatazamana, wakaendelea na safari.

"Umeona?" Naeku aliuliza.

"Nimeona nini, koko?"

"Hawajaniamkia. Tangu mtoto wa Gadiel azikwe, hakuna anayeniamkia. Wadogo wananipita kama kisiki." Alisema bila kulalamika, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. "Mchana kwenye mkutano wako uwaambie. Wewe umepima. Uwaambie hivyo vijidudu vya kuua havimo kwangu, tuishi."

Tabitha aliinama kupanga vichupa kwenye boksi la barafu. Majibu ya mwezi wa tano alikuwa nayo kwenye mkoba. Alitaka kusema neno, lakini sheria ya kazi yake ilikuwa kwamba majibu ya nyumba moja husomwa kwa faragha, baada ya mkutano wa wote. Akaifuata sheria.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Katika muda wa miezi tisa, watoto watatu wachanga wa Ndurisi walikuwa wamefia hospitalini: wa kwanza mwezi wa kumi na moja mwaka uliopita, wa pili mwezi wa tatu, na wa tatu, mtoto wa Gadiel na mkewe Nice, mwezi wa saba. Hakuna aliyetimiza wiki tatu. Damu yao ilikutwa na bakteria, na sindano ambazo zamani zingewaponya kwa siku mbili hazikufanya kitu. Hospitali haikuwa na la kusema ila "dawa zimegoma." Kitongoji hakikutosheka na jibu hilo. Kitongoji kilikaa, kikafikiri, kikakumbuka kwamba mama wa kila mmoja wa watoto hao aliletewa maziwa na Naeku alipokuwa uzazini. Ilikuwa kweli. Naeku aliwapelekea maziwa wazazi wote wa Ndurisi, kibuyu kimoja kimoja, kwa miaka arobaini. Wale ambao watoto wao walikua na sasa wanaenda shule, hakuna aliyewahesabu.

Mkutano ulifanyika Jumatatu hiyo saa nane kwenye kituo cha kukusanyia maziwa. Solomoni, mwenyekiti wa kitongoji, alifungua kwa sala, kisha akamkaribisha "binti yetu, daktari wa vijidudu."

Tabitha alikuwa amejiandaa wiki nzima ili asitumie neno gumu hata moja. Alisema kwamba ndani ya bakteria, kando ya vinasaba vyake vya kuzaliwa, huweza kuwamo kijiduara kidogo cha nyongeza. Wataalamu hukiita plasmidi. Kijiduara hicho hubeba maelekezo ya kuishinda dawa, tena pengine dawa nne au tano kwa mpigo. Na bakteria hakirithishi kwa watoto wake tu. Humpa na jirani, hata jirani wa ukoo mwingine kabisa.

"Ni kama kuomba kaa la moto," alisema. "Unakwenda kwa jirani na kigae, anakupa kaa, unawasha jiko lako. Lake halipungui. Kesho mwingine anakuja kwako. Ndiyo maana bakteria aliyewaua watoto si yule tuliyemkuta kwenye maziwa na samadi. Ukoo ni mwingine. Moto ndio mmoja. Na moto huo tumeukuta katika nyumba thelathini na moja kati ya arobaini na tatu. Tunawapa kuku dawa bila wao kuumwa, tunawachoma ng'ombe sindano wenyewe, tunaacha dozi katikati. Tumeulea wote."

Kisha Gadiel akasimama. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na tano hivi, mfugaji hodari, mwenye ng'ombe wanne wa kisasa na kuku mia tatu. Alikuwa amezika mtoto miezi miwili tu iliyopita, na hilo lisisahaulike katika yote yanayofuata.

"Daktari, nashukuru. Umesema moto huombwa kwa jirani."

"Ndiyo."

"Basi yupo aliyewasha wa kwanza."

"Hatuwezi kujua, kaka. Kijiduara hakina baba."

"Kila kitu kina baba. Mimi nilikuwa baba." Watu wakaguna. "Nakuuliza swali jepesi. Mara zote tatu umekuja hapa, gari lako limeanza kusimama wapi?"

Tabitha hakuelewa upesi. Alipoelewa, alijibu haraka. "Nilianza kwa koko kwa sababu ni mkubwa wetu. Ni heshima tu."

"Fundi akiitwa nyumba inavuja, anaanzia panapovuja," alisema Gadiel. Watu wakacheka, kicheko kifupi kibaya. "Kwake hiyo plasmidi imo au haimo?"

"Siwezi kutaja nyumba ya mtu. Kila mmoja wenu ameweka sahihi kwenye fomu kwamba siri yake—"

"Basi imo."

"Sijasema imo."

"Ingekuwa haimo ungesema."

Hapo ndipo Naeku alipoinuka. Alikuwa amekaa nyuma, peke yake kwenye benchi la watu watano. Akaja mbele akijikongoja na fimbo yake, akasimama kati ya Tabitha na watu.

"Fomu yangu ina dole gumba la nani?"

"La kwako, koko," Tabitha alisema kwa sauti ndogo.

"Na siri ni ya nani?"

"Ya kwako. Lakini koko, tukae kwanza mimi na wewe, nikueleze—"

"Nimekaa na minong'ono miezi miwili, imenichosha. Mimi sijawahi kumchoma ng'ombe sindano. Sina kuku. Sisemi kwa majivuno, nasema kwa sababu ndivyo ilivyo. Nakupa ruhusa mbele ya hawa wote. Soma."

Tabitha aliwaza kudanganya. Kwa muda wa pumzi moja aliwaza hivyo kwa nia kamili: neno "haimo" lilikuwa tayari mdomoni. Lakini alikuwa mtu aliyeishi miaka ishirini kwa kutoongeza wala kupunguza tarakimu, na ulimi wake haukujua njia nyingine.

"Imo," alisema. "Kama ilivyo kwa nyumba nyingine thelathini. Koko si—"

Hakumaliza. Kelele zilizopanda hazikuwa za hasira. Zilikuwa za watu wanaotua mzigo. Mwanamke mmoja alisema "Asante Yesu" kwa sauti. Nice, ambaye tangu mkutano uanze hakuwa amefungua kinywa, alifunga kanga kifuani, akamwendea Naeku, akamtazama usoni.

"Nilikuita mama," alisema. "Nikayanywa yote, nikakurudishia kibuyu nimekiosha."

Tabitha alipaza sauti. "Nani mwingine ananiruhusu kusoma majibu yake? Ainue mkono. Mmoja tu. Mtaona koko hayuko peke yake." Aliyatembeza macho safu kwa safu. Aliwajua kwa namba zao: kumi na mbili, ishirini na sita, thelathini na tisa. Wote walikuwa nayo, na wote wakatazama viatu vyao. "Gadiel?"

"Mimi sina haja," alisema Gadiel. "Mimi nimeshazika."

Ilivyoamuliwa baada ya hapo, Tabitha aliambiwa na Solomoni kwa simu. Wazee wa ukoo wa Gadiel watavunja chungu Jumamosi saa tatu asubuhi. Pale mlimani kila mtu anajua maana yake, hata wale wa mstari wa mbele kanisani. Chungu kikishavunjwa kwa maneno yake, aliyeleta kifo humfuata kifo, yeye na kizazi chake, na hakuna dawa. "Mchungaji amekataza," Solomoni alisema, "na mimi kama mwenyekiti nimekataza. Lakini unajua mtu anaweza kukataza huku anatazama pembeni. Watu wametulia, Daktari. Tusiwachokoze."

Jumatano asubuhi Naeku alikuja maabara. Alishuka mlima kwa miguu mpaka Tengeru, akauliza kwa mlinzi mahali "wanapofuga vijidudu," akaletwa mpaka mlangoni. Pudensiana, fundi wa maabara, alimpa kiti na maji. Hakuyagusa.

"Mkwe wangu ameondoka na wajukuu," alisema. "Amesema hawezi kukaa chungu kinapovunjwa. Haya, si kitu. Nilikuwa tayari kivunjwe. Nilisema, kivunjwe hata leo, mimi sina kosa. Lakini wewe umesema imo." Alimtazama Tabitha. "Basi ni mimi?"

"Hapana, koko."

"Unajuaje?"

Tabitha hakujua. Kijiduara hakisemi kilikotoka.

"Nilipeleka maziwa kwa yule wa kwanza," Naeku aliendelea. "Mwezi wa kumi na moja. Silali. Naomba uniambie kitu kimoja tu. Siku ile nilikuwa nayo, au sikuwa nayo?"

Aliyejibu ni Pudensiana, akiwa ameinamia sinki. "Mwezi wa kumi na moja hatukuwepo, koko. Lakini ya mwezi wa pili yapo. Yako kwenye friza. Hatukuyapima, vitendanishi, zile dawa za kupimia, vilichelewa, tukaanza na ya mwezi wa tano."

Tabitha aligeuka kumtazama. Vichupa vyote vya mwezi wa pili, aliviweka mwenyewe kwa mkono wake, akapanga kuvipima mwisho. Kama maziwa ya Naeku ya mwezi wa pili ni safi, wakati mtoto wa kwanza alikuwa ameshakufa kitambo, basi kaa la moto lilifika kwake baadaye. Alipokea. Hakutoa.

"Rudi Ijumaa," alisema.

Kazi hiyo haina njia ya mkato. Aliyeyusha kichupa, akapaka tone kwenye sahani yenye dawa ndani yake, akaiweka kwenye kabati la joto. Bakteria mwenye kijiduara angeota juu ya dawa kama nyasi juu ya kaburi. Alhamisi mchana akaitoa. Sahani ilikuwa tupu kama alivyoimimina. Akapima samadi ya siku ile: tupu. Akatafuta kijiduara chenyewe kwa mashine, bakteria awe hai au mfu: hakikuwepo.

Pudensiana alipiga makofi. "Mzee wa watu ameokoka!"

"Bado," alisema Tabitha. Akachukua kijiduara cha Naeku cha mwezi wa tano, akakipima urefu kwenye jeli ya kutenganishia vinasaba, ajue kimetoka upande gani. Mstari wake ulishuka chini kuliko mistari ya wengine, maana yake kilikuwa kifupi. Kipande kilikuwa kimekatika, kidogo, mahali pasipodhuru. Akapitia vijiduara vyote thelathini na kimoja. Kilichokatika vile kilipatikana katika nyumba moja tu zaidi. Namba thelathini na tisa. Kwa Gadiel. Akavipitisha mashineni vichupa vyake vya mwezi wa pili: alikuwa nacho tangu wakati ule, kwa ng'ombe na kwa kuku.

Hakulipenda jibu hilo. Nyumba ya Gadiel iko bondeni, mwendo wa nusu saa kutoka kwa Naeku. Hawakuazimana ndoo wala dume.

Ijumaa Naeku alifika saa tisa alasiri. Aliposikia kwamba mwezi wa pili alikuwa safi, alifunika uso kwa mikono yote miwili. Alipoitoa, alikuwa mtu mwingine. Alikuwa na hamu ya kuongea.

"Sasa iliingia lini? Mimi sijanunua ng'ombe. Bandani kwangu haingii mtu tangu mzee afariki, waulize wote. Majani nakata mwenyewe kwenye kihamba changu, chini ya migomba yangu." Akacheka kidogo. "Labda wewe."

"Labda mimi," Tabitha alisema naye akitabasamu.

"Si unakumbuka? Siku ile ya kwanza ulimaliza kuzunguka, ukarudi kwangu jioni kwa sababu nilikuwekea loshoro yangu ya mahindi na maziwa mgando. Ulikuwa umechoka mpaka unasinzia na kijiko. Halafu ndama akagoma kunyonya, ukaingia ukamshika kichwa. Nikasema huyu msichana hana maringo, ameingia na mabuti yake yale yale yenye mavi ya kitongoji kizima."

Pudensiana aliacha kuandika.

Tabitha alikwenda kwenye kabati, akatoa daftari la safari ya kwanza, akafungua siku ile. Alijua atakachokuta. Nyumba ya kwanza: Naeku, saa moja na nusu asubuhi. Nyumba ya mwisho kutembelewa: namba thelathini na tisa, saa kumi na robo. Dawa ya kuoshea mabuti, aliandika mwenyewe kwa mwandiko wake mzuri, imekwisha tangu mchana, tumetumia maji.

Chakula cha mkubwa hakikataliwi. Alitoka bondeni akapitia kwa koko moja kwa moja.

"Koko," alisema. Akaliweka daftari mezani. "Koko, nadhani ni mimi niliyekuletea."

Akamweleza yote, polepole, bila kujitetea. Jina la nyumba ya mwisho hakulitaja. Naeku alisikiliza akiwa ameegemea fimbo. Tabitha alingojea koko alie, au amfariji. Mambo yote mawili angeyastahimili. Naeku hakufanya lolote kati ya hayo.

"Kesho saa tatu utakuja kuwaambia," alisema.

"Nitakuja. Lakini lazima nirudie kwanza. Nimepima kichupa kimoja cha maziwa. Vipo vingine vitatu, kimoja kwa kila chuchu iliyobaki, na samadi ya kurudia, na vya nyumba ile nyingine. Nikisema nikiwa na jibu moja, mtu akaniuliza una uhakika, nitasema nini?"

"Inachukua muda gani?"

Tabitha alitazama saa ya ukutani. "Bakteria hawaharakishwi. Kesho saa nane mchana."

"Chungu ni saa tatu."

"Najua."

"Siku ile uliposema imo," Naeku aliuliza, "ulikuwa umerudia mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Na yule Gadiel alikuuliza kama una uhakika?"

Tabitha alilivuta daftari karibu.

"Hakukuuliza. Hakuna aliyekuuliza. Wakitaka kusikia, hawaulizi." Bibi alisimama, akajifunga lubega yake vizuri begani. "Chungu kinamfuata aliyeleta. Ndivyo kinavyosema. Wewe ni Mmeru, unayajua maneno yake kuliko mimi niliyekuja kuolewa. Una watoto wangapi?"

"Wawili."

"Mungu awakuze." Alisema kwa upole kabisa, na Tabitha alihisi upole huo ukiingia kama sindano. "Haya. Rudia hesabu zako, mwanangu. Rudia mpaka utosheke."

Akatoka. Walimwona dirishani akivuka uwanja, akisimama mara mbili kupumzika, hadi alipotokomea upande wa barabara.

Pudensiana aligeuka kutoka dirishani. "Dokta, unaweza kupanda kesho asubuhi bila sahani. Ukasimama ukasema."

"Nikasema labda?"

"Jumatatu hukusema labda."

"Jumatatu nilikuwa na uhakika."

"Ndiyo," alisema Pudensiana, "na umeona ulichofanya nao." Alivua koti jeupe, akalitundika, akachukua mkoba wake. Mlangoni aligeuka. "Ni watoto wako unaowaogopea, au ni kukosea?"

"Nenda nyumbani, Pudensiana."

Alipobaki peke yake, Tabitha alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, akaketi mezani. Mbele yake palikuwa na vichupa kumi na viwili vilivyoyeyuka na sahani kumi na mbili. Aliwasha kichomeo. Akapitisha kitanzi cha waya motoni mpaka kikawa chekundu, akakiacha kipoe, akakichovya kwenye kichupa cha kwanza, akapaka sahani: kulia, kushoto, kulia, kama mtu anayelima tuta. Akaandika namba. Akaenda cha pili. Alipofika sahani ya saba jua lilikuwa limeshaondoka dirishani na mlinzi alikuwa akipita akigonga milango, akiuliza nani bado yumo ndani.

"Nipo mimi," alijibu. "Nafunga sasa hivi."

Saba aliziingiza kwenye kabati la joto. Vichupa vitano vilivyosalia alivirudisha kwenye jokofu, akavifunika, na juu ya kifuniko akaandika kwa kalamu ya wino mzito: *Jumamosi. Kuendelea.* Alisimama na kalamu mkononi, akifikiri kama aweke saa, maana saa tatu alimwahidi koko kuwa mlimani; hakuiandika. Kisha akazima kichomeo.